Historia ya mama aliyekula chumvi nyingi: mwongozo kamili wa kuikusanya, kuiandika na kuitunza

Umeshaisikia msibani, tena si mara moja. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, kijiji fulani. Alisoma hadi darasa la nne, akaolewa, akajaliwa watoto saba. Alianza kusumbuliwa na presha na sukari, akalazwa hospitali hii, akahamishiwa ile, hali ikabadilika ghafla, na ilipofika saa kumi na moja alfajiri akaaga dunia. Ameacha wajukuu kadhaa na vitukuu. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mama ameishi miaka themanini na ushee, amelisha nusu ya kitongoji, halafu anasomewa dakika tatu, na mbili kati ya hizo ni za wodini.

Na mimi niliandika karatasi ya namna hiyo mama yangu alipofariki. Niliiandika usiku, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa mwanga wa simu, huku kaka yangu akinisomea tarehe za kulazwa kutoka kwenye kadi za kliniki. Tukazika. Kesho yake akaja mzee mmoja wa Kiha, ambaye ujanani aliletwa Tanga kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Alipomaliza kutoa pole akatazama uani, akaniuliza, "Mwanangu, mtungi uko wapi?"

Sikuelewa. Mtungi wa udongo chini ya mwembe nilikuwa naujua, ulivunjika zamani, na akilini mwangu ulikuwa mtungi wetu wa maji tu. Mzee ndiye aliyenieleza kwamba uliwekwa pale, nje ya ua na si ndani, kwa ajili ya manamba, vibarua wa mkonge, waliokuwa wakipita kutoka mashambani kwenda korona. (Korona kwetu ni kiwanda cha kusindikia mkonge, jina hilo lilikuwapo miaka mingi kabla ya ule ugonjwa.) Mama alikuwa akiujaza alfajiri kabla hajaenda shamba. Kisima kilikuwa mbali. Mimi ni mtoto wake wa sita na sikuwahi kulijua hilo.

Mwongozo huu wote umetokana na swali la yule mzee. Habari za mtu mkarimu huwa hazikai nyumbani kwake, ziko kwa waliopokea. Watoto tunajua kilichobaki baada ya kugawa.

Siku za matanga: mweke mtu mmoja na daftari

Kila msiba una daftari la rambirambi. Jina, kiasi, basi. Nunua la pili. Mpe mtu mmoja ambaye ameguswa na msiba lakini hajavunjika: mkwe, binamu, mjukuu aliyemaliza kidato cha nne na mwandiko wake unasomeka. Kazi yake ni kukaa karibu na wageni wanaotoka mbali na kuwauliza jambo moja: "Mlijuana wapi na marehemu?"

Swali hilo halimsumbui mtu. Aliyefunga safari ya saa nane kwenye basi anatamani kuulizwa. Mwandishi aandike jina, anakoishi, namba ya simu, na sentensi mbili za jibu, kwa maneno ya mgeni mwenyewe. Asijaribu kuandika hadithi nzima pale pale. Anachokusanya ni milango ya kubisha baadaye.

Usirekodi watu msibani kwa siri. Watu wakiwa jamvini husema mambo ambayo wasingependa yasikike tena, na ukigundulika umefunga midomo ya ukoo mzima.

Sisi hatukuwa na daftari hilo. Nilikuja kuyakumbuka majina kumi na moja tu, na hayo ni baada ya kukaa na dada zangu tukikumbushana nani alikaa wapi na nani alivaa nini.

Kabla nguo hazijagawiwa

Hapa pana haraka ambayo watu wengi hawaioni. Kwenye kuanua tanga, au siku chache baadaye, shangazi na mama wadogo hufungua sanduku na kugawana. Ni mila, na ni haki yao kupata kumbukumbu. Omba tu nusu siku kabla ya hapo. Kwa familia za Kiislamu kuna sababu ya ziada ya kutulia: alichoacha marehemu ni mali ya warithi, na kukitoa sadaka kunataka ridhaa yao.

Katika nusu siku hiyo fanya haya.

Tandika khanga moja moja kitandani na kuipiga picha ikiwa imefunguliwa yote, ili jina lake lisomeke. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina hilo mama alilichagua akiwa amesimama dukani, mara nyingi akiwa na mtu kichwani. Ukimwonyesha rafiki yake khanga ile atakwambia ilinunuliwa kumjibu nani. Nyingine zinajitaja mwaka zenyewe, kama zile zilizochapishwa kwa sherehe, mfano za kuzaliwa CCM, Februari 1977.

Kusanya karatasi zote bila kuchagua. Kadi ya TANU, kadi za kliniki za watoto, stakabadhi za ushirika, cheti cha ubatizo au cha ndoa, barua, hata karatasi zilizofungiwa dawa. Usitupe chochote chenye mwandiko. Vinavyohitajika kwa mirathi na cheti cha kifo, vitie kwenye faili lake, mbali na hivi vya kumbukumbu, maana faili la mirathi huzungukazunguka ofisini na hurudi limepungua.

Halafu simu yake. Tafadhali usiiruhusu ichukuliwe na mjukuu na kufutwa siku ya tatu. Humo mna sauti. Kwenye WhatsApp ya mama yangu kulikuwa na ujumbe wa sauti zaidi ya arobaini, mwingi wa sekunde chache: "We mtoto, mbona kimya? Umekula?" Hamisha ule wote kwenye kompyuta au flashi mapema, na uulize ndugu wote waliotumiwa sauti wafanye hivyo hivyo kwenye simu zao. Laini isipotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, na namba huja kupewa mtu mwingine. Siku ukiipiga ukapokewa na kijana wa Mbagala utaumia upya.

Kuupata mwaka wa kuzaliwa

Akina mama wa rika hilo wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Tarehe iliyoko kwenye kitambulisho ni ya makisio, na ukiona 1 Januari au 1 Julai basi ujue karani alitaka kumaliza foleni. Usiinakili kwenye kaburi kabla hujaipima.

Kama alibatizwa akiwa mtoto, anzia kanisani. Misheni za zamani ziliandika vitabu vya ubatizo kwa uangalifu mkubwa: tarehe, jina la baba na mama, mdhamini, mara nyingine na kijiji. Kwetu Ubondeini, mkoani Tanga, tunakwenda misheni ya Magila. Nenda siku ya kazi, ongea na katibu wa parokia, toa sadaka, na ukubali kurudi mara ya pili. Uende na majina yote aliyowahi kuitwa, kwa sababu jina la ubatizo na jina la nyumbani huenda havikukutana hadi anakufa.

Kama hakuna kitabu, tumia matukio. Usimwulize mzee "alizaliwa mwaka gani?" Muulize alikuwa na ukubwa gani jambo fulani lilipotokea, halafu uhesabu mwenyewe. Haya ndiyo niliyoyatumia mimi:

- Vita ya Hitler, 1939 hadi 1945. Nani alichukuliwa Keya (KAR, jeshi la mkoloni), na je, mama alikuwa anatembea?
- Mradi wa karanga, Kongwa na Nachingwea, kuanzia 1947.
- Uhuru, 9 Desemba 1961. Kwa Unguja na Pemba, Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Alikuwa ameolewa? Alikuwa na mtoto mgongoni?
- Azimio la Arusha, Februari 1967, na mashamba ya mkonge kutaifishwa mwaka huo huo.
- Mwaka wa elimu ya watu wazima, 1970, na kampeni ya Mtu ni Afya, 1973.
- Operesheni Vijiji, na njaa ya 1974 na 1975, watu walipokula unga wa njano, yanga.
- Vita vya Kagera, 1978 na 1979.
- Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, 12 Aprili 1984. Karibu kila mtu mzima anakumbuka alikuwa wapi redio ilipotangaza.

Msomaji wa Kenya atapanga orodha yake na hali ya hatari ya 1952, wa Burundi na Rwanda wanazo zao. Ukipata matukio mawili yanayokubaliana, na mpangilio wa ndugu zake nani alimfuata nani, utafika kwenye mwaka mmoja au miwili. Andika "mnamo 1938" na uendelee na safari. Kitambulisho cha mama yangu kilisema 1942. Kitabu cha Magila kilimwongezea miaka minne, na dada zangu wakacheka kwamba hata uzee aliukopesha.

Kuwaendea waliopokea

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapoishia njiani. Panga majina kwa umri na afya, usiyapange kwa ukaribu wa udugu. Mwenye miaka tisini na kifua kibovu anakwenda juu hata kama ni jirani tu. Mimi nilimwahi bibi mmoja wiki tano kabla hajafariki, na mwingine nilimkosa kwa siku tatu. Nilipofika nilikuta maturubai.

Usiende mikono mitupu. Kilo mbili za sukari na majani ya chai, au khanga doti moja kama ni mtu aliyekuwa wa karibu sana. Shikamoo kwanza, kisha habari za nyumbani zote, kisha kimya kidogo. Ndipo useme umekuja kwa ajili gani, na kwamba atakayoyasema yataandikwa. Akikataa simu isirekodi, iweke mfukoni na usikilize. Andika ukiwa njiani.

Akikubali, weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati, iweke juu ya kitambaa karibu naye, mbali na redio. Dakika arobaini zinatosha kwa mtu wa umri huo. Rudi siku nyingine. Lugha aiongoze yeye. Wazee wetu wakianza Kiswahili cha wageni hueleza kama wanahutubia. Waache waingie Kibondei, Kisambaa, Kizigua, au chochote walichozungumza na mama, na hapo utaona mikono inaanza kusogea.

Sasa maswali. Ukimwuliza mtu, "Mama alikuwa mtu wa namna gani?" utapata alikuwa mcheshi, mkarimu, mcha Mungu, mpenda watu. Umerudi kwenye karatasi ya msibani. Uliza vitu:

Mara ya kwanza unafika kwake ulikuwa umetoka wapi, na alikupa nini? Ulilala wapi, juu ya nini, na nani? Aliwahi kukugombeza kwa sababu gani? Alikukopesha? Alidai vipi? Ni chakula gani chake hujakipata kwingine? Mlikuwa mkicheka nini? Kuna siku alilia mbele yako?

Swali la mkopo lina baraka nyingi. Mtu akieleza alivyokopeshwa lazima aeleze shida yake, mwaka wake, bei za wakati ule, na uso wa aliyempa. Ni hadithi kamili tayari.

Nenda pia na vitu. Picha, khanga, daftari. Mama alikuwa kijumbe wa upatu wa akina mama kumi na wawili, na aliacha daftari la gamba la kijani, mwandiko wa herufi kubwa zilizosimama kama miti ya uzio, mwandiko alioupata kwenye kisomo cha watu wazima akiwa na watoto watano. Majina kushoto, wiki juu, na alama ya vema kila aliyetoa. Kwa mwanamke mmoja, wiki saba mfululizo, hakuna vema. Kuna herufi M. Nyumbani tulikubaliana kwamba ni "mdaiwa", na kaka yangu akasema kwa hakika kabisa kwamba mama hakuwa mtu wa kusahau deni. Nilipolipeleka daftari kwa bibi aliyekuwa mweka hazina, alivaa miwani, akaweka kidole juu ya zile M, akazifuata moja moja hadi mwisho wa ukurasa.

"Hii ni Mimi," akasema. "Mwenzetu huyu alikuwa anauguliwa na mume. Mama yako alikuwa anamtolea. Hela ya maandazi."

Kwa hiyo usifasiri karatasi ya marehemu peke yako.

Kupima ulichosikia

Mtu akifa hadithi zake hunenepa. Mpwa wangu alisema bibi amelea watoto kumi na wanne wasio wake. Shemeji akasema ishirini. Nikakaa na dada yangu mkubwa tukaandika jina kwa jina, aliingia lini, alitoka lini, alilala chumba gani. Tukapata tisa waliokaa mwaka mmoja au zaidi. Tisa ni wengi mno. Tisa wenye majina wanaaminika kuliko ishirini wa jumlajumla, na kila mmoja kati ya hao tisa atasimama akisikia jina lake.

Hadithi zikigongana, mfano mmoja anasema mama aliuza cherehani kumsomesha mdogo wake na mwingine anasema iliibwa, weka zote mbili kwenye daftari lako na usiisome hadharani hata moja mpaka upate wa tatu.

Cha kusema na cha kusitiri

Yule mwanamke wa zile M yu hai, ana wajukuu wenye vyeo. Jina lake silisomi popote. Wema wa mama ukimwaibisha aliyetendewa, umeuharibu kwa kuutangaza. Mwenyewe aliandika herufi moja makusudi. Nilichofanya ni kusimulia jambo bila mtu, na kubadili idadi ya wiki nilipolisoma siku ya arobaini. Hata kwenye mwongozo huu nimeibadili tena.

Vivyo hivyo kwa watoto waliolelewa: muulize kila mmoja anapenda atajwe vipi. Mmoja wetu hakutaka neno "aliokotwa" wala "yatima". Alisema, "Niandike mtoto wa nane." Tukamwandika mtoto wa nane, na waliozaliwa nyuma yake wakasogea.

Magonjwa, ugomvi wa ndoa, mtoto wa nje, haya yaamuliwe na wakubwa wa ukoo kabla hujakaa kuandika, usije ukagombewa kipaza sauti mbele ya watu.

Lakini usimfanye malaika. Mama yangu alikuwa akinuna. Alinuniana na mdogo wake miaka mitatu kwa sababu ya michungwa minne iliyokuwa mpakani, na katika miaka hiyo mitatu waliendelea kupelekeana chakula kupitia watoto, sahani ikienda na ikirudi bila salamu. Niliposoma hilo, mama mdogo ndiye aliyecheka wa kwanza, kitambaa mdomoni, na baada yake turubai zima.

Kuandika

Kuna historia mbili, usizichanganye. Moja ni ya kusomwa, nyingine ni ya kutunzwa.

Ya kusomwa iwe dakika tano. Nimepima: maneno mia tano hivi, kwa msomaji asiyekimbia. Familia za Kiislamu kwa kawaida hazisomi historia ndefu kaburini, kwa hiyo yenu isubiri siku ya hitma au mkae nayo nyumbani jioni. Kwetu, ambako nusu ya ukoo ni Waislamu na nusu Waanglikana, tulisoma siku ya arobaini, baada ya chakula, watoto wakiwa bado hawajasinzia. Na kama ya siku ya mazishi iliandikwa kwa haraka kama yangu, arobaini ni nafasi ya kuirekebisha. Hakuna atakayekulaumu.

Anza na kitu, usianze na tarehe. Tarehe ya kuzaliwa inaweza kuingia aya ya pili. Ugonjwa upate sentensi moja, pamoja na shukrani kwa waliomuuguza. Kila ukiandika neno la sifa, simama ujiulize nani aliona nini. Rasimu yangu ya kwanza ilisema:

*Marehemu alikuwa mkarimu na mwenye upendo kwa watu wote bila ubaguzi.*

Baada ya kuzunguka kwa wazee ikawa:

*Mwaka wa unga wa njano mama alipima unga kwa kibaba, akatenga kibaba kimoja pembeni kabla ya kupima wetu. Kile cha pembeni hatukuruhusiwa kukigusa. Kilikuwa cha yeyote atakayepiga hodi kabla ya magharibi. Asipotokea mtu kilirudi kwenye debe, na kesho yake kikatengwa tena.*

Neno "mkarimu" halimo. Tumia maneno aliyoyatumia mwenyewe, hata kama si ya kitabuni. Mama hakusema "nitakusaidia". Alisema "tutabanana". Neno hilo likaingia mara mbili na kila mara watu waliitikia kama kanisani.

Orodha ya watoto, wajukuu na wakwe ndiyo yenye mabomu. Iandike kwa mpangilio wa kuzaliwa, ipitishwe na watu wazima wawili wa pande mbili tofauti usiku uliotangulia, na isomwe kwa sauti mara moja ili kuona jina lililoruka. Wajukuu wakizidi kumi taja idadi tu, usithubutu kuchagua wachache. Waliotangulia mbele za haki watajwe pia.

Chapa kwa herufi kubwa, karatasi upande mmoja, namba ya ukurasa chini. Msomaji asiwe mtoto wa mwisho. Huyo hatafika nusu. Mtafute mjukuu au mkwe mwenye sauti, asome rasimu mara tatu siku moja kabla, na nakala ya pili ishikwe na mtu aliye nyuma yake, endapo machozi yatamzidi.

Ile ya kutunzwa haina kikomo. Humo weka kila kitu: maelezo ya kila mzee kama alivyosema, na jina lake na tarehe uliyomhoji, ramani ya nyumba ilivyokuwa, jinsi alivyopika kisamvu, nyimbo alizobembelezea watoto. Isiwe na mpangilio mzuri sana. Mimi nina kurasa sitini na bado naongeza.

Picha na sauti, na pa kuziweka

Picha ya zamani ukitaka kuinakili kwa simu, itoe kwenye fremu ukiweza, maana kioo hurudisha mwanga. Kama imegandamana na kioo usiivute, ipige hivyo hivyo kwa kuinamisha kidogo. Ilaze karibu na dirisha lenye kivuli, zima flashi ya simu, simamisha simu sambamba na picha. Geuza nyuma upige tena: mhuri wa studio, mwaka, maneno ya mpenzi aliyepelekewa, vyote viko huko. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, ambayo hupenya na kuchafua uso. Zihifadhi kwenye bahasha za karatasi. Zile albamu za nailoni zenye gundi zimekula picha nyingi za harusi kuliko mchwa.

Mafaili yape majina yanayoanza na tarehe, kisha nani, kisha wapi. Nakala tatu, nyumba tatu tofauti, moja ikiwa nje ya mkoa. Na chapa kitabu cha karatasi hata kama ni cha kubanwa pini steshenari. Flashi hupotea na simu huibwa, lakini kitabu kikikaa juu ya kabati la sebuleni kitafunguliwa na mtoto mwenye uvivu siku ya mvua.

Kumbukumbu ya mwaka

Ukoo utataka shughuli: misa au kisomo, pilau, fulana zenye picha, kujenga kaburi kwa vigae. Sipingi pilau, na mimi nilikula. Ila kabla kamati haijapiga hesabu, fungua daftari lako uangalie marehemu alikuwa akitoa nini hasa, kisha tafuteni namna ya kukiendeleza hicho hicho, kwa ukubwa ule ule. Waislamu wanayo sadaka jariya, sadaka inayoendelea, na wengi hufikiria kisima au msikiti, jambo jema kwa mwenye uwezo. Lakini mama aliyekuwa akinunua sare ya mtoto mmoja kila Januari anaendelezwa kwa sare ya mtoto mmoja kila Januari. Shughuli kubwa hufanyika mara moja, na mwaka wa pili kamati haikutani.

Sisi tulirudisha mtungi. Tulinunua wa udongo kwenye gulio Muheza, ukapasuka wiki ya tatu, pengine haukuokwa vizuri. Sasa ni ndoo kubwa ya plastiki yenye koki, juu ya matofali manne, chini ya mwembe ule ule. Manamba hakuna tena. Wanaokunywa ni wanafunzi wanaotoka shule na vijana wa bodaboda. Maji huchemshwa usiku. Kuna zamu ya siku saba imebandikwa mlangoni na kila nyumba ya ukoo iliyo karibu ina siku yake, ya Jumamosi ikiwa yangu, na nikiwa Dar namlipa kijana aijaze kwa niaba yangu na kunitumia picha. Kopo limeibwa mara mbili. La tatu tumelitoboa mpini tukalifunga kwa kamba ya mkonge.